Nakwenda kusoma biolojia, kwa nini nianze na Socrates?

Swali la msomaji:

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), na nimepata ufadhili kamili kwenye chuo kidogo cha sanaa huria huko Marekani, nikasome biolojia. Katika ratiba ya muhula wa kwanza nimekuta semina ya lazima inayoitwa "Mtu na Jamii". Wanasoma Plato, Rousseau, Mill, Martin Luther King na wengine. Mtihani wa mwisho hakuna. Kuna insha nne, na robo ya alama zinatokana na kuchangia darasani. Baba mdogo anasema ni kupoteza muda, hakuna kazi huko, na nitarudi nimekuwa Mzungu. Shida yangu mimi ni nyingine: sijawahi kubishana na mwalimu, na sijui mtu wa kwetu aseme nini kuhusu vitabu hivyo. Nijiandae vipi? Halafu, ni kweli huko walimu wanaitwa kwa jina la kwanza?

Jibu:

Marahaba, binti yangu, na hongera. Nianze na suala la kazi maana ndilo jepesi. Chuo cha sanaa huria si chuo cha uchoraji wala muziki. Ni chuo ambacho anayesomea biolojia hasomi biolojia tupu. Atapita pia kwenye historia, falsafa, lugha na hisabati, na mara nyingi fani yake anaitangaza rasmi akiwa mwaka wa pili. Wangari Maathai alipita njia hiyo hiyo. Aliondoka Kenya Septemba 1960, kwenye ule mpango wa akina Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, wa kupeleka vijana kusoma Marekani, akaingia Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wasichana kilichoendeshwa na masista Wabenediktini mjini Atchison, Kansas. Akahitimu 1964 na shahada ya biolojia, na pembeni akiwa amesoma kemia na Kijerumani. Miaka michache baadaye Kijerumani hicho kilimfaa alipokwenda Giessen na Munich, Ujerumani, kwa utafiti wa uzamivu. Baba mdogo akiuliza tena habari za kazi, mpe mfano huo.

Sasa semina yenyewe. Kozi za namna hii zina asili yake, na ukiijua hazitakutisha. Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianzisha kozi ya lazima kuhusu ustaarabu wa zama hizi. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha. Wakati wa vita chuo kilikuwa na kozi ya kuwaeleza vijana kwa nini wanapelekwa kupigana. Amani ilipokuja, walimu wakaona kwamba masuala ya amani nayo yanahitaji kozi yake. Vyuo vingine vikafuata, kila kimoja na orodha yake ya vitabu, na kwa miaka mingi orodha hizo zilijaa wanaume wa Ulaya waliokwisha kufa. Januari 1987 wanafunzi wa Stanford waliandamana pamoja na Jesse Jackson, mwanaharakati wa haki za Wamarekani Weusi, kuipinga kozi yao ya utamaduni wa Magharibi. Machi 1988 baraza la wahadhiri likapiga kura kuiondoa, ikaja nyingine iliyochanganya waandishi wa tamaduni mbalimbali. Wapo waliosema haki imetendeka, wapo waliosema chuo kimejiuza, na ubishi huo unaendelea hadi leo kwenye vikao vya walimu. Kwa hiyo orodha uliyotumiwa si msahafu. Kuna watu walikaa kikao, wakavutana, wakapatana. Una haki kabisa ya kuuliza darasani kwa nini huyu yumo na yule hayumo, ila uulize ukiwa umeshasoma.

Nakisia mtaanza na Plato, na kitabu kitakuwa *Crito*, kwa sababu ni kifupi na kinakwenda moja kwa moja kwenye mada. Kisome kabla hujapanda ndege. Mwaka 399 KK Socrates, mwanafalsafa na mwalimu wa Plato, mzee wa miaka 70, amehukumiwa kifo na mahakama ya Athens. Kuuawa kwake kumecheleweshwa hadi meli takatifu irudi kutoka kisiwa cha Delos, na sasa meli inakaribia kufika. Rafiki yake Crito anaingia gerezani alfajiri. Mlinzi anamfahamu na amewahi kupewa kitu kidogo. Crito amekuja na mpango kamili: fedha zipo, Thessaly kuna wenyeji watakaompokea, watoto wake wanamhitaji, na zaidi ya yote, watu watasema rafiki zake walithamini fedha kuliko yeye. Sehemu hii hutahitaji mwalimu akueleze. Mtu wa kwetu anamwelewa Crito papo hapo, maana nusu ya maamuzi yetu tunayafanya kwa kuogopa "watu watasema nini".

Socrates anakataa, kisha anafanya jambo la ajabu. Anazipa sauti Sheria za Athens, nazo zinamsemesha kama wazazi wanavyomsemesha mtoto mkaidi. Zinamwambia: kwa idhini yetu baba yako alimwoa mama yako, sisi tumekulea na kukusomesha, umekaa hapa miaka 70 na mlango ulikuwa wazi ukitaka kuhama. Leo neno limekugeukia ndiyo unataka kutuvunja? Zinampa njia mbili tu: tushawishi kwamba tumekosea, au utii. Ukifungua kitabu utaona pembezoni mwa ukurasa kuna namba na herufi, kama 50a au 51b. Namba hizo ni zile zile katika kila toleo la Plato duniani, na ndizo utakazozitaja darasani. Sheria zinaanza kusema kwenye 50a. Pigia mstari kuanzia hapo.

Huo mstari wa "tumekusomesha" ndio nataka ukae nao. Wewe umesikia hoja hiyo kabla ya kumsikia Plato. Mwalimu Nyerere, miaka ya 1960, aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Akila kisha asirudi na kitu, ni msaliti. Weka maneno hayo pembeni ya Sheria za Athens uone yanavyolingana, na pia yanapoachana. Sheria zinadai utii kwa sababu ulikaa miaka yote ukiwa huru kuondoka. Mtu wa kijijini anadaiwa kwa sababu alikula, awe alichagua au hakuchagua. Deni la nani ni zito zaidi? Je, mtoto anaweza kudaiwa kwa kitu alichopewa kabla hajajua kuchagua? Hapo tayari una swali la semina, tena swali ambalo mwenzako kutoka Ohio hawezi kuliuliza, kwa sababu hajui habari za kijiji hicho.

Na una mfano hai wa kulijaribia. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine walivaa majoho, wakaandamana kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kila mhitimu alitakiwa kutumikia taifa kwa takribani miaka miwili: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Baadhi walibeba mabango yaliyodai kwamba afadhali enzi za mkoloni. Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akawaka. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao, na papo hapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa chuoni baadaye. Miezi michache baada ya tukio hilo likaja Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea. Chuo nacho kikaanza kujiuliza kinafundisha wasomi wa kumtumikia nani, na katika mjadala huo ndimo lilimotoka somo la DS (Development Studies), ambalo kaka na dada zako wa Mlimani wamelisoma kwa lazima na kulilalamikia kama wewe unavyotaka kulalamikia semina yako. Kwa hiyo usidhani kozi ya lazima kuhusu mtu na jamii ni kitu cha kigeni. Kwetu ilikuja baada ya mgogoro, kama ya Columbia ilivyokuja baada ya vita.

Katika mkasa wa 1966, nani Socrates na nani Crito? Wanafunzi walikuwa wakijaribu "kushawishi", jambo ambalo Sheria zenyewe zinaliruhusu, au walikuwa wakikwepa deni? Mimi binafsi naona walikuwa na haki ya kuuliza na hoja dhaifu ya kujibia, na naona adhabu ilipita kiasi. Profesa wako anaweza kuona tofauti. Ndiyo kazi ya semina.

Hapa ndipo nina neno zito zaidi kuliko yote niliyokwisha kusema. Umeandika kwamba hujui "mtu wa kwetu aseme nini". Mara utakapoketi kwenye ile meza, kuna mtu atakugeukia, kwa nia njema kabisa, aseme: na Afrika je, ninyi jamii ni muhimu kuliko mtu, sivyo? Kitakachokujia mdomoni ni "ndiyo, sisi Waafrika tunaamini mtu ni watu", na darasa zima litatikisa kichwa kwa heshima. Usikubali kirahisi hivyo. Jibu hilo litakupa wiki mbili za sifa na kukunyima muhula mzima wa kufikiri, kwa sababu hakuna atakayekubishia. Utakuwa umegeuka balozi.

Ukweli ni kwamba Waafrika wenyewe wanabishana sana juu ya jambo hili, na kwa hoja kali. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefundisha Makerere, aliandika mwaka 1969 ile kauli maarufu kwamba mimi nipo kwa kuwa sisi tupo, na kwa kuwa tupo, basi nipo. Mwaka 1984 Ifeanyi Menkiti, Mnigeria aliyekuwa akifundisha Wellesley, chuo cha sanaa huria kama hicho chako, akaisukuma kauli hiyo mbali zaidi. Kwake utu si kitu unachozaliwa nacho. Unaupata polepole, kwa kutimiza wajibu wako ndani ya jamii, na mtoto mchanga bado hajaufikia. Kwame Gyekye wa Ghana akamkatalia. Alisema jamii ni muhimu sana, lakini mtu ana akili na utashi wake, anaweza kusimama akaikosoa jamii iliyomlea, na nadharia isiyoliona hilo imepitiliza. Gyekye aliegemea methali za Waakan, ambazo zinasema watu wote ni watoto wa Mungu, hakuna aliye mtoto wa ardhi. Ukizichunguza, methali zetu nazo zinavutana hivyo hivyo. Mkono mmoja haulei mwana, sawa. Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake, na undugu wa nazi hukutania chunguni. Wahenga hawakuwa na msimamo mmoja, na hakuna aliyewalazimisha kuwa nao. Hata Nyerere alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962 alichagua methali yenye makali pande zote mbili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jamii inakupokea, na jamii hiyo hiyo inakudai. Ukienda na ubishi huo wa ndani badala ya jibu moja la "Afrika", utakuwa mtu mmoja mwenye msimamo wake, na kwenye semina hilo lina thamani zaidi.

Rousseau na Mill sitakaa nao sana. Rousseau, katika kitabu chake cha 1762, anadai kwamba anayekataa matakwa ya umma alazimishwe kuyatii, na kwamba huko ni kulazimishwa kuwa huru. Sentensi hiyo itawachukua kipindi kizima, na ni halali yake. Mill, Mwingereza, katika kitabu chake cha 1859, anaweka mpaka: jamii isimwingilie mtu mzima isipokuwa kuzuia asidhuru wengine. Anasomeka vizuri, ila muulize kuhusu mtu ambaye kila analolifanya linawagusa wengine, kwa mfano mtoto wa kwanza anayetegemewa kusomesha wadogo zake wanne. Madhara yanaanzia wapi hapo? Swali hilo Mill aliliona, na jibu lake si la kuridhisha sana kwangu.

King ndiye nakusihi umsome baada ya *Crito*, hata kama ratiba imewatenganisha. Aprili 1963, akiwa mahabusu Birmingham, Alabama, aliwajibu kwa barua viongozi wanane wa dini, Wazungu, waliomtaka asubiri. Anatofautisha sheria ya haki na sheria dhalimu, anasema ya pili ivunjwe, lakini ivunjwe hadharani, kwa upendo, na mvunjaji awe tayari kwenda jela. Anamtaja Socrates kwa jina, tena kama mwenzake katika kukaidi. Sasa jiulize: Socrates yule wa *Crito* aliyekataa kutoroka ndiye huyo anayetajwa na King? Utakumbuka kwamba mahakamani, kabla ya hukumu, Socrates alisema wakimwachia kwa sharti aache falsafa, hatatii. Baadaye anafundisha utii gerezani. Ama amejipinga, ama kuna tofauti kati ya kukataa amri na kukwepa adhabu. Insha yako ya kwanza inaweza kuzaliwa hapo hapo.

Kuhusu kubishana na mwalimu. Kwenye semina mnakuwa wachache, mara nyingi chini ya ishirini, mmezunguka meza, na mwalimu anaweza kusema maneno machache kuliko wewe. Kukaa kimya, ambako kwetu ni adabu, kule kunahesabiwa kama hukuja. Wewe si wa kwanza kupata shida hiyo. Nimewafundisha vijana wengi wa huku kwetu, na walioshindwa kusema mara nyingi si kwa kukosa la kusema, bali walikuwa wakisubiri wapate sentensi iliyokamilika. Ikija, mjadala umeshahama. Dawa ninayoijua ni kusema mapema, ndani ya robo saa ya kwanza, na kuanza na kitabu badala ya maoni: "Kwenye 51b Sheria zinasema hivi, nami sielewi kwa nini Socrates hazijibu." Umesema, umetoa ushahidi, na hujamkosea mtu heshima. Ukitaka kumpinga mwenzako, rudia kwanza alichosema kwa maneno yako, akikubali kwamba ndicho, ndipo useme unaachana naye wapi. Mwalimu naye utampinga kwa njia hiyo hiyo. Hatakuona mtovu wa adabu. Wengi wao wanakaa wakiombea atokee wa kuwapinga.

Insha ni jambo jingine, na hapa mfumo wetu umekuandaa vibaya. General Studies ilikufundisha faida tano na hasara tano, kisha hitimisho. Kule hawataki orodha. Wanataka dai moja ambalo mtu mwenye akili anaweza kulikataa, na kurasa nne au tano za kulitetea kwa maneno ya kitabu chenyewe. "Socrates alikuwa na hoja nzuri na mbaya" si dai. "Hoja ya Sheria inamfunga Socrates lakini haimfungi mtumwa wa Athens, ambaye hakuwahi kuwa huru kuondoka" ni dai. Utaandika rasimu, itarudi imejaa wino, na utaumia. Ndivyo inavyofanyika kwa wote, hata wale waliozaliwa wakiongea Kiingereza. Chuo chako karibu hakika kina kituo cha uandishi ambako mwanafunzi mwenzako mzoefu anakaa nawe bure mkapitia rasimu, nenda tangu insha ya kwanza. Na madesa uyaache Julius Nyerere, pale uwanja wa ndege. Kunakili aya ya mtu, au kumwachia programu ya kompyuta ikuandikie, kunaweza kukufikisha kwenye kamati ya nidhamu na kuugusa ufadhili wako. Wazo la mtu mwingine linatumika vizuri sana, mradi umtaje.

Baba mdogo anahofia utarudi Mzungu. Mwambie kwa heshima kwamba Nyerere alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare, *Julius Caesar*, ikatoka mwaka 1963, naye akiwa Rais, na hakuna aliyemwona amekuwa Mwingereza. Lakini hofu yake usiidharau. Anachouliza hasa ni kama utarudi na kile chakula cha kijiji, na hilo ni swali la semina yako neno kwa neno. Ningekuwa wewe ningempigia simu baada ya wiki ya *Crito*, nimsimulie mzee aliyekataa kutoroka, nimuulize yeye angefanyaje. Majibu yake yaandike kwenye daftari.

Kuhusu majina: inategemea chuo, na hata mwalimu. Anza na "Profesa" na jina la ukoo. Akikuambia umwite kwa jina lake la kwanza, jaribu, na ulimi ukigoma endelea na Profesa, hakuna anayekatwa alama kwa hilo. La muhimu zaidi ni saa zake za ofisi, ambazo zitakuwa zimeandikwa juu ya mwongozo wa kozi. Wanafunzi wetu hudhani ni za waliofeli au walioitwa. Ni za kila mtu. Nenda ndani ya wiki mbili za kwanza, beba kitabu ulichokipigia mistari, na uliza jambo moja tu kutoka ukurasa mmoja.